Mwalimu Aliyesuka Nywele

Harufu ya nywele zinazopitishwa kitana cha moto, ikichanganyika na yale mafuta ya kijani ya kopo, hunirudisha nyumbani Runyenjes popote ninapokuwa. Wengine wakiinusa hujiziba pua. Mimi husimama nikavuta pumzi, na kama kuna mtu karibu nitamwambia hata kabla hajauliza: baba yangu alikuwa msusi. Alisuka kwa vidole vyake mwenyewe, na kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa hesabu. Nikisema hivyo watu hungoja niwaeleze mkasa uliomwangusha. Hakuna mkasa. Ilikuwa hivi.

Mama aliuza ndizi na maparachichi sokoni, na siku za soko aliondoka kabla hatujaamka. Kichwa changu kikabaki mikononi mwa Baba. Mwanzoni nilienda shuleni nikifanana na shamba la viazi lililopitiwa na fuko. Jambo hilo lilimkera, maana hakuwa mtu wa kuacha kitu kimekaa upande. Akaanza kuwatazama wanawake wakisukana, huku akijifanya anasoma gazeti. Jioni nilikaa kwenye kigoda, yeye nyuma yangu, akasuka, akafumua, akasuka tena, hadi matuta yangu yakanyooka kama mistari ya daftari. Akina mama kanisani wakamuuliza Mama ananipeleka kwa nani.

"Ni Baba Wawira anayemsuka," Mama aliwajibu.

Walicheka wakidhani ni mzaha. Jumamosi iliyofuata mmoja wao akamleta binti yake, na haikupita muda ua wetu ukawa na wasichana waliopanga foleni hadi kwenye migomba.

Nami nikaona kitu ambacho sikujua kukipa jina. Baba aliyerudi kutoka shuleni alikuwa mtu wa kunyamaza, aliyetua mkoba wake kama anayetua gunia la mahindi. Baba wa Jumamosi alipiga mluzi. Nilidhani ni kwa sababu Jumamosi hakuna vumbi la chaki.

Jioni moja tukila githeri alitwambia kwamba anaacha kazi. Angeenda Embu mjini kujifunza ususi vizuri, kisha akodishe chumba pale sokoni. Mama alichukua upawa. Akamwongezea chakula, halafu akamuuliza kama chumba chenyewe kina maji. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

Babu hakuwa na jibu jepesi hivyo. Alikuwa mzee wa kanisa, na majani chai yake yalisifiwa mlima mzima. Tuliitwa kwake Jumapili baada ya ibada. Siku hiyo nusu ya kichwa changu ilikuwa imesukwa na nusu imefichwa kwenye kitambaa, maana mgeni alikuwa ametukatiza Jumamosi. Tulipokuwa tukinywa chai, Babu akaanza. Alikumbusha mbuzi aliowauza ili Baba asome ualimu. Akasema kwamba kanisani watu wanamtazama yeye, mzee wa kanisa, na kunong'onezana. Mwishoni akalainisha sauti: Baba akiachana na mambo hayo ya wanawake, lile shamba la chai karibu na mto ni lake tangu siku hiyo.

Baba aliniita, akanikalisha katikati ya magoti yake, akafungua kitambaa na kutoa kitana mfukoni. Akaanza kusuka palepale, mbele ya baba zangu wadogo na mashangazi.

"Njeru," Babu alisema, "weka hicho kitana chini ninapoongea na wewe."

"Nitakiweka nikimaliza, Baba. Mtoto ana shule kesho."

Babu akasema kwamba mwanamume anayesuka wanawake hatachuma hata jani moja la chai yake.

"Basi mpe Ireri," Baba alijibu. Ireri alikuwa ndugu yake mdogo. "Mimi siachi."

Akasuka hadi tuta la mwisho, akamshukuru nyanya yangu kwa chai, tukaondoka. Njiani nilitembea nikiwa nimeinua kichwa kama mtu aliyeshinda mbio, ingawa shamba lilikuwa limekwenda.

Kule Embu mjini alikaa kwenye benchi moja na wasichana ambao baadhi yao alikuwa amewafundisha kugawanya shuleni. Mmoja wao, Muthoni, alimshika mkono akamwambia, "Mwalimu, unavuta sana pembeni, utamkata mtu nywele." Baba alitusimulia akicheka, kisha akajaribu kwangu kuona kama ni kweli. Ilikuwa kweli, na kwa miaka mingi nilikuwa nimevumilia. Siku nyingine hakurudi akicheka. Alirudi na uso wa yule mwalimu wa zamani, lakini asubuhi akapanda pikipiki kwenda tena.

Alipofungua chumba chake, watu walikuja mlangoni kuchungulia tu. Vijana wa bodaboda walimbandika jina la Mama Njeru. Yeye aliwakaribisha waingie, akisema kwamba hata vichwa vyao vina kazi nyingi. Wateja hawakuja. Nilitoka shuleni nikamkuta akifagia sakafu iliyokwisha kufagiwa.

Kisha siku moja ya soko nyanya yangu, tunayemwita Cucu, akashuka kutoka mlimani. Alisukuma pazia la mlango watu wote wakimwona, akaketi, akafungua kitambaa ambacho sikuwahi kumwona bila. Nywele zake zilikuwa nyeupe, laini kama pamba.

"Nioshe kichwa kwanza," alimwambia Baba. "Halafu nisuke kama msichana."

Alipotoka alikitia kitambaa kwenye kiondo, akapita polepole kila kibanda akiulizia bei ya vitu asivyovihitaji. Nilimfuata nyuma nikicheka hadi tumbo likaniuma. Wanawake wakaanza kuja wiki hiyohiyo, na baadaye maharusi walikuja hata kutoka Embu mjini. Babu hakukanyaga pale hata siku moja. Chai ya mtoni ni ya Ireri hadi leo, na Baba hajawahi kuidai.

Utotoni niliamini kwamba Baba aliacha ualimu kwa sababu alipenda nywele kuliko watoto. Nilipokuwa mkubwa nikachagua ualimu, na jamaa wakafurahi kupita kiasi, wakisema aibu ya Njeru imefutwa. Nilienda kwake nikiwa nimekasirika. Hakujali waliyosema. Aliniuliza jambo moja tu.

"Kengele ya kuingia darasani ikilia, moyo wako husemaje?"

Nilimwambia kwamba mara nyingi huwa nimeshafika mlangoni.

"Wangu ulizama," alisema. "Kila asubuhi. Na watoto wa watu wamekaa pale, wanamngoja mtu anayetamani kuwa kwingine. Sikuona kuwa ni haki."

Hapo ndipo nilipomwelewa. Aliuheshimu ualimu kuliko wote waliomlilia. Bado wapo wazee wanaonisimamisha sokoni kuniambia kwamba Runyenjes ilipoteza mwalimu mzuri. Mimi siwaachii neno hilo. Nawaambia kwamba alikuwa mwalimu mbaya, aliyelijua hilo kabla yao, akasimama akampisha anayeitaka kazi. Kisha naaga, maana darasa langu linaningoja.