Maneno Asiyoyataka Nyanya

Nilikisikia kabla sijaona chochote: kilio cha mtoto anayebembeleza. Nilikuwa nimesimama nje ya ua wa mabati huko Kapsoya, Uasin Gishu, nikitafuta nyumba tuliyokaa utotoni. Kila ukuta ulikuwa umebadilishwa rangi, na palipokuwa na shamba la mahindi pamesimama ghorofa. Upande wa pili wa mabati mtoto aliomba kitu, sikujua ni nini, na sauti nzito ya mwanamume ikamjibu, "Tutaona." Mtoto akafyonya. Nami, mtu mzima na mkoba wangu begani, nikacheka peke yangu barabarani mpaka mpita njia akanitazama.

Unalijua neno hilo, rafiki yangu. Si ndiyo, wala si hapana. Ni chungu kilichofunikwa: unasikia kinatokota lakini hujui kama ndani mna nyama. Kwetu lilikuwa neno la baba. Ukimwomba viatu, tutaona. Ukimwomba akupeleke uwanjani kutazama wanariadha wa Kaptagat wakikimbia, tutaona. Alirudi kutoka kiwanda cha nguo na nyuzi za pamba zikiwa zimemshika kwenye nyusi, akaketi, akafungua redio, na neno lake likakaa naye pale kama mgeni asiyejua kuaga.

Tulikuwa wanne: baba, dada yangu mkubwa, mimi, na nyanya, mama yake baba, aliyekuja kutoka upande wa ziwa kutulea baada ya mama yetu kufariki. Nyanya hakujua kusoma, lakini maneno aliyachambua kama mboga, akitupa majani yaliyoliwa na wadudu. Yako maneno ambayo hakuyataka ndani ya nyumba. Ukitamka mojawapo, aliinua kidole tu. Ulijua la kufanya: unatoka nje, unafunga mlango, unapiga hodi, unakaribishwa upya, kisha unasema ulilotaka kusema kama mtu. Hakupiga, hakutukana. Alikurudisha mwanzo.

Mimi nilitolewa kwa ajili ya "kwani." Kwani chai haijaiva? Kwani ni lazima nioshe miguu? "Kwani ni jembe," nyanya alisema. "Inachimba mahali hakuna shamba." Asubuhi nyingine nilipiga hodi mpaka jirani akadhani tuna matanga. Dada alitolewa kwa sababu ya "basi tu," jibu lake kwa kila habari. Na ukiulizwa nani anabisha ukajibu "ni mimi," uliachwa hapo hapo nje, kwa maana dunia nzima ni mimi.

Jirani yetu, mama mmoja mzaliwa wa huku huku Uasin Gishu, alituletea maziwa lala ya kibuyu yenye harufu ya moshi na majivu. Yeye hakuweza kumaliza sentensi bila "si unajua."

"Mama, si unajua vile ng'ombe yangu imekuwa!"

"Kama najua, unaniambia ya nini?" nyanya alimjibu, huku amekwisha kumsogezea kiti.

Jirani alicheka, akaenda zake mpaka mlangoni, akapiga hodi akiwa amebeba kibuyu chake, akaingia upya. Walipenda mchezo huo kuliko sisi. Mwalimu wetu naye angelala nje, maana kila baada ya maneno matatu aliuliza "Mnanielewa?" nasi tukaitikia "Ndiyooo" bila kuelewa chochote, macho yetu yakiwa kwenye pakiti za maziwa ya shule zilizopangwa dirishani.

Neno moja tu lilimfanya baba aingilie. Mtu akisema "wanasema," nyanya aliuliza, "Wanasema ndio akina nani? Hawana majina?" Baba alipunguza redio, akatupia jicho dirisha. "Mama, wachana na hiyo," alisema polepole. "Kuna majina hayatajwi." Nyakati zilikuwa hizo, mtu akikamatwa kwa neno moja. Sisi watoto tulidhani wote waliogopa kutolewa nje.

Lakini "tutaona" halikuwa na adhabu. Sheria ilikuwa ya watoto na ya jirani kwa hiari yake, na baba ndiye aliyekuwa mwenye nyumba.

Sasa nikueleze mavuno yale. Mahindi yalikuwa yamekauka, trekta zilinguruma tangu alfajiri, na baridi ilishuka kutoka misituni ikaketi nasi mezani. Dada alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ualimu, mbali, upande wa Machakos. Alitakiwa huko Jumatatu. Kwa majuma mazima alikuwa akimwuliza baba, naye akimjibu neno lake. Dada alikonda. Alikunja sare yake ya zamani, akaikunjua, akaikunja tena. Alilichukia lile neno kiasi kwamba alipolisikia redioni alizima redio.

Mimi nililipenda. Katika nyumba ile ni mimi peke yangu niliyelipenda. Kila baba aliposema "tutaona," dada alibaki siku moja zaidi. Kila Jumapili jioni nilikaa chini kati ya magoti yake, akanichana kwa mafuta yenye harufu ya karanga, akanisuka mistari iliyonyooka, akinigonga kichwani kwa kitana nikijitikisa. Vidole vya nyanya vilikuwa vimekakamaa kwa baridi, havikuweza tena kazi hiyo. Dada alikuwa mikono yangu na kioo changu. Aende Machakos kufanya nini?

Ikafika Alhamisi. Baada ya chakula tuliketi kuzunguka karai tukipukuchua mahindi, jiko la makaa katikati. Punje zilidondoka kama mvua ya kwanza kwenye bati. Dada akasafisha koo.

"Baba, imebaki Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Niende ama nisiende?"

Baba alizungusha gunzi mkononi. "Tutaona."

Nyanya akainua kidole.

Kwanza hatukuelewa alimwinulia nani. Nilijitazama, nikamtazama dada. Kidole kilikuwa kinamwelekea baba.

"Mama," baba alisema, akijaribu kucheka. "Mimi ni mtu mzima."

"Ndiyo maana. Toka. Urudi ukiwa na neno ya kusema. Hata kama ni hapana, lete hapana yenyewe, tuione uso."

Baba, mwanamume aliyelazimika kuinama kila alipopita mlango ule, alisimama, akafunga vifungo vya koti, akatoka. Tulisikia viatu vyake kwenye kokoto, kisha kikohozi. Halafu sauti ya jirani gizani:

"Mzee! Umefungiwa nje?"

"Nimetumwa."

"Ulisema neno gani? Si unajua mama yako!"

"Hata wewe hutolewa hapa kwa ajili ya mdomo," baba alimjibu, na jirani akaangua kicheko mpaka mbwa wakabweka.

Dada hakucheka. Alikuwa ameshika gunzi tupu kwa mikono miwili. Nami nilikuwa naomba kwamba baba asirudi haraka, maana lolote atakalorudi nalo halingekuwa tena lile neno langu.

"Hodi."

"Nani?"

"Mtoto wako."

"Karibu, mtoto wangu."

Baba akaingia, akavuta kiti, lakini hakuketi. Alishika kiegemeo chake. "Sina hapana," alisema. "Nataka aende. Mama yao angetaka aende. Lakini huyu mdogo atasukwa na nani? Atalala na nani? Kila nikifungua mdomo kusema ndiyo, namwona huyu."

Wote wakanitazama. Sikuwahi kujua kwamba lile neno lilikuwa langu kweli kweli, kwamba baba alikuwa akilisema kwa ajili yangu. Dada aliinamisha uso. Hakuniomba. Angeniomba, labda ningelia tu, na mambo yangekwenda kwingine. Niliona shingo yake iliyokonda, na kwa hasira, kwa mapenzi, kwa kutojua nifanye nini, nikasema:

"Kwani Baba hana mikono?"

Neno likaanguka katikati ya karai. Nyanya akafungua kinywa, kidole kikapanda nusu, kisha kikashuka. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani, na baba akaitazama mikono yake, mikubwa, yenye makovu ya mashine, kana kwamba ndiyo kwanza amepewa.

"Ninayo," alisema.

Nyanya yuko upande wa ziwa sasa, chini ya udongo wa kwao. Jirani alihamia kwa mwanawe. Kiwanda kile kilinyamaza, na baba anatembea kwa fimbo. Maneno ya kuudhi hayajaisha. Kila siku yanazaliwa mapya. Kilichoisha ni ile desturi ya kumrudisha mtu mwanzo. Siku hizi tunaudhika kimya kimya, kila mtu kwenye simu yake, na hakuna anayekutoa nje kwa sababu hakuna anayesubiri urudi.

Jumapili ile baba alinisuka, dada akimwelekeza. Ilichukua alasiri nzima, na mistari ilipinda kama njia ya mbuzi. Jumatatu, kabla jua halijapanda, baba alijitwika sanduku la bati begani. Nyanya alikuwa amefunga chapati kwenye gazeti. Dada alikitazama kichwa changu, akauma mdomo asicheke, akaweka kiganja chake juu ya ile mistari, akakiacha hapo. Kisha wakaenda. Nilisimama kizingitini nikikifuata kwa macho kitambaa cheupe cha dada, mpaka ukungu ulipokitwaa.

"Baridi inaingia, mama," nyanya aliniambia kwa upole kutoka jikoni.

Nikaufunga mlango.