Jumapili Nililia, Jumatano Nikataka Kuposa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, katika miaka ile ya hamsini, nikiwa likizoni kutoka chuo kikuu, nilikataa mursik ya mama, maziwa yetu ya kibuyu. Nyumba nzima pale Sosiot ilishtuka. Rebeka, niliyempenda, alikuwa amechumbiwa na mwalimu, nami nikaapa sitapenda tena. Hiyo ilikuwa Jumapili.

Jumatano nilikwenda hospitali ya Kaplong kumwona shangazi aliyelazwa. Nikamkuta Chelangat, mwanafunzi wa uuguzi, akimtania mzee aliyeogopa sindano. Nilirudi nyumbani nikiimba, nikamaliza kibuyu kizima, kisha nikamwambia baba mdogo, "Wazee waende kesho wakaniposee."

Kwetu wazee huenda kuposa mara nne. Mimi, msomi wa kuhoji kila kitu, niliona huko ni kupoteza wakati. Nikamsimulia baba mdogo mchezo wa kuigiza tuliousoma chuoni: kijana anamlilia msichana mmoja asubuhi, jioni anampenda mwingine, kesho yake wanaoana.

"Halafu?" akauliza.

"Wakafa wote wawili."

"Baada ya siku ngapi?"

"Nne, tano hivi."

Baba mdogo alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Sisi tungekuwa bado tunapumzika baada ya safari ya kwanza. Huyo kijana hakuwa na baba mdogo?"

Nilikasirika, nikaenda Kaplong kumposa mwenyewe. Chelangat alinisikiliza hadi mwisho. Kumbe shangazi alikuwa amemweleza yote.

"Jumapili ulikuwa unakufa kwa sababu ya Rebeka," akasema. "Jumapili ijayo utakufa kwa sababu ya nani?"

Nilitaka kuapa, nikakumbuka kiapo changu cha mwisho kilidumu siku tatu. Nikasema, "Sijui."

"Sasa umesema ukweli. Wazee wako waje mara zote nne, nami nitahesabu."

Walikwenda, na miezi ikapita. Katikati hapo nilinuna, nikawa na shaka, nikamkasirikia, nikatamani tena kumwona. Hali hizo zote zilipita, yeye akabaki. Ndiye huyu anayecheka jikoni sasa, akidai katika kusimulia nimeyapunguza machozi yangu.

Mwanangu, sikukatazi kupenda haraka, nani anaweza? Lakini usimwahidi mtu maisha yako kwa furaha ya siku moja. Ngoja ukasirike, uchoke, ucheke tena, na bado umtake yule yule. Desturi za wazee zihoji, ila zipe muda zikujibu.

Mungu akupe mtu wa kukuuliza swali gumu, akupe na moyo wa kumjibu bila uongo, na mzeeke pamoja mkitaniana.