Viza ya Kukaa Kwenye Kiti

Kaka yangu alikuwa na miaka mitano Kanada, na kibali chake cha ukaazi, alipopanga kuja kutoa mahari. Kazini walimpa ruhusa ya wiki moja. Wazee wakakubaliana iwe Jumamosi, kwa wazazi wa msichana, mtaa wa Makadara.

Ijumaa tulimngoja uwanja wa ndege. Abiria walitoka mpaka wakaisha. Tuliporudi mtaani kwetu Jericho, mwenye duka akaniita: kaka alikuwa kwenye simu.

"Wamenizuia. Sikupanda hata ndege."

"Umekosa nini?"

"Viza."

"Ya kuja kwenu?"

"Ya kupitia! Ndege inabadilishwa Ulaya, nikae hapo saa nne. Wanasema Mkenya lazima awe na viza hata asipotoka nje ya uwanja. Nimewaonyesha kibali, wakasema hicho ni cha Kanada."

"Viza ya kukaa kwenye kiti?"

"Ya kiti. Na kuiomba ni wiki mbili."

Hadi leo nikikumbuka, damu hunichemka. Suruali niliyovaa siku hiyo niliinunua kwenye soko la mitumba la Gikomba. Ilitoka huko huko Ulaya, ikavuka bahari na mipaka, na hakuna aliyeiuliza kitu. Lakini kaka, aliyeosha vyombo vya hoteli miaka mitano na kulipa kodi ya nchi ya watu, ndiye wa kuogopwa. Kabla ya kununua tiketi aliuliza kama anahitaji viza ya kurudi kwao, akacheka mwenyewe. Nani angefikiri kuuliza habari ya kiti?

Kuahirisha hakukuwezekana. Wajomba wa msichana walikuwa wameshafika kutoka Murang'a. Baba akaamua nisimame mahali pa kaka, mimi ambaye nikisalimiwa kanisani hutazama viatu.

Kwetu Wakikuyu, mahari haipokelewi kabla bwana arusi hajamtambua mchumba wake. Wasichana wanne waliletwa sebuleni, wamefunikwa leso kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Haya, chagua!" shangazi yao akaniambia. "Ama bado unanyonya?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mjomba mkubwa hakucheka.

"Mwenyewe yuko wapi? Amepata mzungu? Kama hamtaki msichana wetu, semeni tule twende."

Baba alifungua kinywa, lakini hasira yangu ilimtangulia.

"Amezuiwa, mzee. Amenyimwa kiti."

"Kiti gani?"

Nikaeleza yote polepole, jinsi ninavyoandika sasa: kibali, ndege, saa nne, viza. Nilipomaliza, hakuna aliyecheka. Mjomba aliweka kikombe chini.

"Mimi nilitembea mji huu na kipande, kitambulisho cha mkoloni, kimening'inia shingoni," alisema. "Askari akinikuta barabarani bila hicho, nalala ndani. Kumbe kimerudi?"

"Kimerudi, mzee."

Akamgeukia baba. "Mahari tutapokea. Lakini huyu kijana hatamchagulia mtu mke. Mwenyewe akipewa hiyo karatasi yao, aje amfunue. Binti yetu atamngoja."

Wasichana wakarudi chumbani bado wamefunikwa, wakifuatana. Sikutakiwa tena kujua shemeji yangu ni nani. Lakini yule wa mwisho alitembea polepole kuliko wenzake, na mkono wake ulikuwa ukipanguza uso chini ya leso.