Chumvi Inabakia Wapi?

Kisha ibada, hapa Butembo, kijana wetu aliyesomea Ulaya alitufasiria mashine ya kutoa chumvi mu maji ya bahari. Maji yanapata moto, yanatoa mvuke. Punje nyeupe kama mchanga zinaushika ule mvuke. Ukizipasha moto zinauachilia, unageuka maji ya kunywa.

Mama mumoja aliyekimbia vita kule Alimbongo akasimama.

— Mwanangu, na chumvi inabakia wapi?

— Inabakia chini, mama. Tunaimwanga tena mu bahari.

— Munaimwanga? Lakini batoto yangu banakula mboga ya sombe bila chumvi tangu vita ifunge njia! Hukutubebea hata kidogo?

Akatoa kikombe ndani ya kitenge, akakinyoosha mbele yetu sote.

Tukacheka, hata wazee wa kanisa. Mumoja wao akamwambia: «Mama, shika njia ya bahari, utakuta lundo!»

Akarudisha kikombe ndani ya kitenge, akatoka akitazama chini.

Sasa watu wanasema ni musomi aliyepata haya. Hapana. Yeye hakuwa na chumvi ya kumupa. Sisi tuliocheka ndio tulikuwa nayo nyumbani, na nyumba yangu inatazamana na mulango wa kanisa.