Megersa, Aliyewaambia Wageni Watapanda Cheo

Megersa Dechasa na mimi tuliajiriwa siku moja katika ghala la maharage la Mojo, lile lililo nyuma ya yadi ya makontena. Yeye alikuwa mpagazi, mimi mshona magunia. Tulikaa humo pamoja miaka kumi na moja. Haya ninayoyasema hakuna aliyenisimulia. Nilikuwa nimekaa na sindano yangu hatua kumi kutoka aliposimama, na siku ile iliyohitaji mtu wa kusema neno, nami nilinyamaza.

Kila mwaka, sikukuu ya Msalaba ikishapita, malori yalianza kushusha maharage meupe mapya, na ghala likaajiri watu. Wanaume walibeba, wanawake walichambua, wakitoa mawe na punje zilizopasuka. Mshahara wa kuanzia ulikuwa ule ambao kijana anayelala kwa mama yake huuita mshahara. Mwenye kupanga chumba aliuita nauli. Lakini hakuna aliyeajiriwa kwa mshahara peke yake. Watu waliajiriwa pia kwa maneno. Bwana Wondimu, meneja wetu, alikuwa na maneno yake: mwaka wa kwanza kibarua, wa pili mkataba, wa tatu kiongozi wa kundi, halafu karani wa mizani, halafu mtunza ghala mwenye meza na funguo. Aliyahesabu kwa vidole, na alipofika kidole gumba alikinyanyua juu kidogo.

Megersa aliyaamini maneno hayo kuliko sisi sote. Alikuwa amefika darasa la kumi, anasoma vizuri, na alijua kupanga magunia kiasi kwamba mlundo wake ulikwenda hadi karibu na bati bila kuyumba. Makuli wengine walitupa gunia na kuondoka. Yeye alilitupa, akarudi nyuma, akalitazama, akalisukuma kwa goti. Mwaka wa nne Bwana Wondimu akampa kizibao cha njano, akamwita kiongozi wa kundi, na kumwongezea birr mia tatu. Wenzake wakamwita Waziri. Akipita na kizibao chake mtu aliita kutoka juu ya mlundo, "Mheshimiwa Waziri, nchi inasemaje huko?" Naye alijibu, "Nchi inasema shuka ufanye kazi." Tulicheka, na yeye alicheka zaidi yetu. Wiki ile alinunua nyama, akatuita nyumbani kwake, na mkewe Jorgo akatumiminia kahawa mpaka mzunguko wa tatu.

Baada ya hapo alingoja mizani. Nafasi ya karani ilifunguka mara tatu nikiwa nashuhudia. Ya kwanza alipewa mpwa wa mke wa meneja. Ya pili alikuja kijana kutoka Addis na cheti chake ndani ya bahasha ya plastiki. Ya tatu, Megersa alikwenda mwenyewe ofisini kuuliza. Akarudi akitabasamu. Alisema Bwana Wondimu amemwambia kwamba yeye ni nguzo, na nguzo haihamishwi, kwani akiondoka pale chini ghala litaanguka. Alitusimulia kwa fahari. Baada ya siku mbili tatu fahari ile ikamwisha, na sikumsikia tena akitaja mizani.

Hata hivyo kila msimu, wageni walipokusanywa pale mlangoni kabla ya kutia sahihi, Bwana Wondimu alimwita asimame mbele. Megersa alifuta vumbi, akafunga vifungo vya kizibao, akasema, "Mimi nilianza kama ninyi. Nilibeba kama mtakavyobeba. Leo mnaniona." Hakusema uongo hata neno moja. Ndiyo maana maneno yale yaliwaingia watu.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anaendelea, wakati yeye mwenyewe anaona kwamba tangu apewe kizibao hajapewa mtu mwingine. Tulikuwa tunakula shayiri ya kukaanga kwenye kivuli cha lori.

"Dinke," akaniambia, "nikiwaambia hakuna kitu, mimi mwenyewe kesho nitaamkaje kuja hapa?"

Mwaka wetu wa saba pale ndipo Ayantu alipokuja. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, kitambaa cha kichwa kimefungwa nyuma kama mtu aliye tayari kukimbia. Mama yake aliuza vitunguu sokoni, na nilimfahamu. Ayantu alikuwa ameshinda mtihani na kupangiwa chuo cha ualimu Asela. Barua alikuwa nayo kwenye mkoba. Chuo kilikuwa kinafungua baada ya siku tisa. Miaka mitatu bila kuleta chochote nyumbani, na mama ameanza kuumwa magoti: hayo ndiyo yaliyomleta mlangoni kwetu, aone kwanza.

Wageni wengine walisikiliza hotuba ya Megersa huku wakitazama malori. Ayantu alimtazama Megersa usoni. Hotuba ilipokwisha, akanyanyua mkono kama darasani.

"Kaka, samahani. Mimi nina barua ya chuo. Nikianza hapa leo, baada ya miaka mitatu nitakuwa wapi?"

Bwana Wondimu alikuwa pembeni, mikono mgongoni. Megersa alimtazama yeye kwanza. Nilikuwa nimeshika gunia mapajani, sindano imeingia nusu. Nilijua jibu. Wanawake kumi na mbili waliokuwa wakichambua nyuma yangu walilijua; mmoja wao, Bizunesh, alikuwa na miaka kumi na minne kwenye sinia lilelile. Kama mmoja wetu angekohoa tu, nadhani msichana yule angegeuka, na akigeuka angetuona.

"Utakuwa umesimama hapa nilipo mimi," Megersa akasema. "Au mbele yangu."

Ayantu akatia sahihi.

Alikuwa mfanyakazi mzuri. Hakuchelewa, hakusengenya, na sinia lake lilikuwa safi kuliko ya wote. Mwaka wa kwanza aliniuliza mara kwa mara, "Dada Dinke, mkataba hutolewa mwezi gani?" Mkataba alipewa, mwaka wa pili, pamoja na nyongeza iliyotosha kilo mbili za teff, nafaka ya injera. Mwaka wa tatu aliuliza habari ya kiongozi wa kundi la wanawake. Akaambiwa wanawake hawana kundi, wako chini ya Megersa. Mwaka wa nne hakuuliza kitu. Nilifurahi kwamba ameacha kuuliza. Hilo nalo nalikumbuka.

Mwezi wa Januari mwaka ule, siku chache baada ya Timkat, sikukuu ya Ubatizo, rafiki yake aliyesoma naye alikuja Mojo kwa likizo. Alikuwa amehitimu chuo kilekile cha Asela na anafundisha Bekoji. Walikutana mtaani, wakakumbatiana, wakanywa chai. Hakuna baya lililosemwa, mama yake Ayantu aliniambia; rafiki yule alilipia chai na akampa kitambaa cha zawadi. Lakini kesho yake, saa nne, tulipopumzika, Ayantu hakukaa na wanawake wenzake. Alivuka sakafu nzima ya ghala, vumbi la maharage hadi kwenye kope, akaenda hadi alipokaa Megersa na glasi yake. Mimi nilikuwa jirani.

"Kaka Megersa, sikuja kugombana," akasema. "Nina swali moja."

"Uliza."

"Siku ile nilipokuuliza. Ulikuwa unajua?"

Megersa aliweka glasi chini. Angeweza kusema kwamba mambo hubadilika, au Mungu ndiye anayejua, au alidhani yeye Ayantu atakuwa tofauti. Nilimwona akiyatafuta maneno ya namna hiyo.

"Nilikuwa najua," akasema.

Ayantu akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu akaona ndiyo ileile aliyoisikia. Akasema asante. Akarudi kwenye sinia. Sikumwona akilia, wala hakumwambia mtu mwingine.

Wiki ile aliomba ruhusa ya siku moja akaenda Asela. Walimpokea vizuri ofisini, wakamwambia nafasi ile ilikufa alipokosa kuripoti, na matokeo yake sasa ni ya zamani. Akitaka, arudie mtihani wa taifa pamoja na watoto wa mwaka huu. Usiku alirudi na basi la mwisho, asubuhi alikuwa kazini kabla ya wote.

Megersa alibadilika. Utani wa Waziri ukawa haumchekeshi, nao makuli wakauacha. Mkewe aliniambia kwamba anakula injera mkunjo mmoja anasukuma sahani. Megersa alinijia siku moja, akaniuliza kama nakumbuka idadi ya wageni wa msimu ule wa Ayantu, kama kulikuwa na wengine wenye barua. Nikamwambia sikumbuki. Akasema yeye amewahesabu: kwa miaka saba amesimama mbele ya watu zaidi ya mia mbili, na hajui walichokuwa nacho mifukoni.

Msimu mpya ukafika. Wageni walikuwa thelathini na mbili. Bwana Wondimu akahesabu vidole vyake, akanyanyua kidole gumba, akamwita Megersa. Megersa akasimama mbele. Safari hii hakufunga vifungo.

"Naitwa Megersa," akasema. "Nina miaka kumi na moja hapa. Kiongozi wa kundi ni mimi. Kabla yangu hakuwepo, na baada yangu sijamwona. Karani wa mizani hatoki humu chini, anatoka nje. Mwenye shida ya chakula mwezi huu aingie, kazi hii ni ya halali, na mkono wake utalipwa kila mwisho wa mwezi. Mwenye barua ya shule mfukoni, namwomba arudi nyumbani."

Nilimtafuta Ayantu kwa macho. Alikuwa ameinama, vidole vyake vinakwenda vilevile kwenye maharage.

Watu wanne waliondoka. Ishirini na nane walitia sahihi. Mmoja wao, jamaa mwenye mabega ya ng'ombe kutoka Lume, alimwambia Megersa alipokuwa akipita, bila ubaya wowote, "Kaka, kwani nani alikuja hapa kutafuta cheo? Sisi tumekuja kula." Wenzake wakacheka.

Nadhani neno lile lilimuumiza kuliko adhabu iliyofuata. Kumbe kwa miaka yote ile wengi hawakuwa wakimsikiliza. Walikuwa wakingoja amalize ili waingie ndani. Aliyemsikiliza alikuwa mmoja.

Bwana Wondimu hakumfokea. Alimwita ofisini mchana, akampa kiti, akamwambia kwamba amechoka na anahitaji kupumzika na majukumu. Megersa akatoka bila kizibao. Kesho yake alikuwa kwenye foleni ya makuli, gunia la kilo hamsini begani, akiwa na miaka arobaini na sita. Aliendelea kupanga vizuri, lakini sasa alipokwenda nyuma kulitazama gunia alikuwa anashika kiuno. Kabla mfungo mkuu haujaisha, mgongo ukamkatalia asubuhi moja kitandani. Alilala wiki tatu. Alipoweza kutembea, Jorgo alifunga vyombo wakahamia kijijini kwao, upande wa Ejere, kwenye shamba la vitunguu la kaka yake Jorgo. Anafungua na kufunga mifereji ya maji. Ni kazi ya kusimama, hainami sana.

Siku alipoondoka nilikwenda kumuaga. Vitu vyao vilikuwa vimeshapakiwa kwenye mkokoteni wa punda, na Jorgo alikuwa akizozana na mwenye punda kuhusu kitanda. Megersa akanivuta pembeni. Alikuwa hajazungumza na Ayantu tangu siku ile ya glasi. Alijaribu mara mbili, akafika karibu na sinia, akarudi.

"Mwambie kwamba sikulala," akasema. "Mwambie jibu nililompa mwishowe ni lile alilokwisha kulijua, lakini alilihitaji miaka minne nyuma, na mimi ndiye niliyekuwa nalo. Mwambie anisamehe akiweza. Asipoweza, ajue kwamba niliomba."

Nikamwambia nitamwambia.

Ayantu bado yuko. Ana miaka ishirini na sita sasa. Mtihani hakurudia, mama yake hatembei tena hadi sokoni, na vitunguu anaviuza Ayantu siku za Jumapili. Kiongozi mpya wa kundi alipatikana, kijana wa Bishoftu, na wageni wanapokuja Bwana Wondimu huzungumza peke yake. Msimu uliopita Ayantu alimwambia msichana mmoja aliyeketi karibu naye, kwa sauti ya chini, kwamba kama ana mahali pengine pa kwenda aende. Msichana akakaa.

Mimi nakaa hatua sita kutoka kwake kila siku ya kazi. Tunagawana mkate. Megersa nimemwona mara tatu tangu ahame, kwenye mazishi mawili na harusi moja, na mara zote tatu aliniuliza, kabla hata ya kuniuliza habari za watoto wangu, kama nilimwambia. Mara ya kwanza nilisema bado sijapata nafasi nzuri. Mara ya pili nikasema ndiyo, nilimwambia, na akauliza amesema nini, nikajibu kwamba alisikiliza tu. Aliupokea uongo ule kwa mikono miwili. Uso wake ulilegea, akanishukuru, akaniletea kiti. Mara ya tatu akataka kujua kama Ayantu alionekana kuwa na kinyongo, nikasema hapana.

Sijamwambia. Kila ninapogeuka na kufungua kinywa, naona kwamba siwezi kufikisha samahani ya Megersa bila kutanguliza yangu. Yeye angalau aliulizwa, akajibu. Mimi sikuulizwa, nami nilikuwa na jibu lilelile, nikaendelea kushona.