Safu ya Tope

Daftari la mama lina safu tatu: tarehe, maji, tope. Safu ya tatu, kwa kurasa zote za miaka miwili iliyopita, ni tupu. Niliiacha tupu mimi. Nina hasira na watu wengi, lakini orodha yao inaanza na jina langu.

Kijito chetu kinatoka kwenye ngitili, msitu wa malisho ambao wazee wetu waliufunga kwa makubaliano: ng'ombe hawaingii mpaka kiangazi kikaze, shoka haliingii kabisa. Zamani, watafiti wa chuo kikuu walikuja kufuatilia miti na maji humo. Walisimika nguzo ya chuma yenye alama za sentimita, wakaichimbia kwenye mwamba chini ya kijito, wakamwachia mama daftari na fimbo ndefu. Kila asubuhi asome maji yanapogusa nguzo, kisha azamishe fimbo mpaka igonge mwamba, apime sehemu iliyotoka na tope. Baada ya miaka kadhaa hawakurudi tena. Hata barua hawakuleta. Mama hakuacha. Daftari likijaa, aliagiza jingine Kahama, akachora mistari upya kwa rula.

Magoti yake yalipogoma, nikarudi nyumbani kushika kazi hiyo. Nilikuwa naandika riwaya, nikijiona mtu mwenye mambo makubwa. Nguzo niliisoma nikiwa ukingoni, viatu vikavu. Kuzamisha fimbo kulitaka kuingia majini, na maji yalikwisha kuanza kunuka, kwa sababu huko juu wachimbaji walikuwa wameweka karasha za kusagia mawe ya dhahabu, wakaachia uchafu wake uteremke kwetu. Nikawa naandika maji tu.

"Na tope?" mama aliuliza kila siku kutoka barazani.

"Lile lile, mayu."

Akaniamini.

Kisha likaja ombi la kuifungua ngitili yenyewe ili wachimbe humo. Mkutano wa kijiji ukaitishwa. Mama akapandishwa bodaboda, amelikumbatia daftari lake, kwa sababu alijua neno lake peke yake halitatosha, ila namba zake zingetosha.

Mwenye karasha aliomba alione. Alimwamkia vizuri mno: "Shikamoo, mama." Akalipokea kwa mikono miwili, akasoma kwa sauti.

"Masika ya mwaka juzi, thelathini. Masika haya, hamsini na mbili." Akatugeukia. "Jamani, maji yameongezeka! Tukiongeza karasha mbili mtafuga samaki."

"Sato wa ngitilini!" mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, watu wakacheka.

"Soma safu ya tatu," mama akasema.

Akafunua ukurasa, akafunua mwingine. "Hapa hamna kitu, mama yangu. Labda wino uliisha."

Mama akanitazama mara moja. Angeweza kuninyooshea kidole mbele ya kijiji kizima. Hakunyoosha. Alisema tu, "Fimbo ninayo. Twendeni mtoni sasa hivi mkaone."

"Tunakuheshimu, mama," mtendaji wa kijiji akajibu huku akitazama simu yake, "lakini hapa tunakwenda na maandishi."

Nikasimama. Nikasema safu ile niliiacha mimi. Kwamba tope limejaa chini na kuyasukuma maji juu, ndiyo maana nguzo inaonyesha namba kubwa. Kwamba kijito kinakufa huku daftari likikisifia.

"Dada, si wewe ndiye mwandishi?" mwenye karasha akauliza. "Sasa mbona hukuandika?"

Walicheka wote, hata wanawake ninaokutana nao kila siku wakifukua mchanga wapate ndoo moja ya maji ya kupikia. Hapo ndipo hasira iliponipanda. Nguo zao zimepata rangi ya kijito. Watoto wao wanajikuna hadi mapajani. Hawakuhitaji daftari la mtu kujua maji yamekuwaje, walihitaji kutazama vikombe vyao, na bado mikono ikainuka, mmoja baada ya mwingine, kwa ahadi ya vibarua vya kusomba mawe. Ngitili iliyofungwa tangu kabla mama hajazaliwa ikafunguliwa kabla ya chakula cha mchana.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mama mlangoni, ameegemea ukuta, fimbo mkononi. Tulishuka polepole hadi mtoni. Akaketi kwenye jiwe.

"Ingia."

Nikaingia. Fimbo ikadidimia kama inayochomwa kwenye ugali, ikashuka, ikashuka, mpaka ikagonga mwamba. Niliichomoa, nikapima. Maji hamsini na mbili kwenye nguzo. Tope arobaini na nne. Yaliyobaki ya kijito chote hayakufunika vifundo vya miguu ya ndama.

Nikaiandika namba hiyo kwenye safu ya tatu. Machozi yalinitoka, na hayakuwa ya huzuni.

"Rudia," mama akasema. "Ya jana na juzi nilikuamini bila kuona."

Huko juu, ndani ya ngitili, shoka lilianza kugonga. Mama hakugeuza shingo. Nikazamisha fimbo tena, nikapima tena, nikamtajia: arobaini na nne.

"Rudia," akasema.