Gari Lililochemsha Njia ya Mtinko

Ndugu zangu walinituma mimi kwa sababu mimi ni kitinda mimba, na kwa wazazi wetu kitinda mimba husamehewa mapema. Ujumbe niliobeba ulikuwa mfupi: pikapu ya baba iuzwe. Mteja alikuwepo hapo hapo Mungaa, kijijini kwa wazazi wetu, jirani aliyetaka ekseli yake atengenezee mkokoteni wa ng'ombe. Kaka zangu wako Dar es Salaam, hupiga simu kila Jumapili, na walikuwa wamechoka kusikia kwamba wazee wamekwama tena barabarani, boneti juu, mvuke unatoka, wamekaa juani wanasubiri injini ipoe.

Kusema kweli hata mimi nilikuwa nimechoka. Lakini nilijua kitu ambacho kaka zangu hawakutaka kukisema. Mama ana goti bovu, bodaboda haiwezi, na kupanda basi kwa kusukumana ndiyo kabisa. Dada yake mkubwa, ambaye sisi tunamwita mama mkubwa, yuko Mtinko na macho yake hayaoni tena. Kila wiki baba anampeleka mama huko na ile pikapu, wakipita Singida mjini. Ikiuzwa, mama hatamwona dada yake tena mpaka siku ya msiba. Ndiyo maana walitafuta mtu wa kutumwa.

Kabla sijatamka neno la kuuza nikaona niende nao safari moja, nijionee huo ugonjwa. Asubuhi baba aliwasha gari, injini ikaitika mara moja, na yeye akanitazama kama mzazi ambaye mtoto wake amejibu vizuri mbele ya wageni. Mama akaja na tenga la kuku, akasimamia likifungwa kwenye bampa la mbele, mahali pake pa siku zote. Upande unaotazama injini alikuwa amelishonea kipande cha kiroba, ili joto lisiwachome kuku wake.

"Kwa nini wasikae nyuma?" nikauliza.

"Nyuma ni kwa magunia," mama akasema. "Hawa wanakwenda kwa dada yangu."

Sikubishana. Kwetu huendi kwa dada yako mkubwa mikono mitupu, na kuku unayempelekea sharti ashuke akisimama kwa miguu yake mwenyewe. Ukimfikisha amelegea, afadhali ungebaki nyumbani.

Hatukwenda mbali. Mshale wa joto ulianza kupanda taratibu, na kabla haujagusa nyekundu baba akaegesha pembeni ya barabara, chini ya mwamba uliokuwa na kivuli kidogo. Akafungua boneti, akabinya mpira wa rejeta kwa kitambaa, akatikisa kichwa. Mfuniko hakuugusa. Alikuwa na msemo wake kwamba rejeta ya moto haifunguliwi, inaombwa. Mama alishuka na goti lake, hatua kwa hatua, akawapa kuku maji kwanza. Injini ikasubiri zamu yake.

Tulisimama hivyo tena na tena mpaka mjini. Mama akashikilia tumpitie fundi. Baba hakuonyesha haraka, lakini alikubali. Kwanza akalifungua tenga kutoka kwenye bampa, akaliweka kwenye kivuli cha ukuta, kuku wasiteseke, ndipo fundi akaja na shikamoo yake, mikono imejaa grisi. Huyu fundi alikuwa amekwisha badilisha mkanda wa feni, pampu ya maji na mfuniko wa rejeta. Thamostati aliitoa na kuitupa, na rejeta aliiosha mpaka maji yakatoka safi. Siku hiyo akachomoa kijiti cha oili, oili haikuwa na maji. Akachungulia rejeta injini ikiunguruma, hakuona mapovu. Akatuzungusha mji mzima mpaka kule ziwani na kurudi, mshale umelala katikati, hautaki hata kutikisika.

"Mzee, gari zima hili," akasema. "Labda gasketi inavuja ikipata safari ndefu. Tufungue silinda hedi tuone."

"Labda?" nikadakia. "Unampasua mgonjwa kwa labda?"

Baba akanigusa bega. "Tutafikiria, fundi." Akaliinua tenga, akalifunga mahali pake, tukaondoka. Kabla ya Mtinko tulikuwa tumechemsha tena.

Tulifika jua limeinama. Taa za ile pikapu ni za kuombea dua, kwa hiyo baba hasafiri gizani. Mama na dada yake walishikana mikono, wakaulizana habari za watoto wote kwa Kinyaturu, na habari hazijaisha baba akaanza kukohoa kule nje, akimaanisha tuondoke. Njia nzima ya kurudi, tukiwa na maboga na viazi nyuma, mshale haukupanda.

"Jioni kuna ubaridi," baba akasema, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Ujumbe wa kaka zangu niliendelea kuumeza. Mimi si mtu wa subira, lakini kitu kilichonishinda akili hunikera mno, na nilitaka kukiona kwa macho. Wiki iliyofuata nikapanda nao tena. Gari lilipochemsha mara ya kwanza, mama alikwenda kwenye nyumba ya jirani na barabara kuomba maji ya kuku. Baba alikuwa ameacha injini iungurume kidogo ipoe polepole. Mimi nikaenda mbele, nikainama.

Kiroba cha mama kilikuwa kimevutwa na feni, kimeganda kwenye wavu wa mbele wa gari kwa upana wake wote. Nikapenyeza kidole nikakivuta, kikarudi kugandia pale pale. Nikakumbuka mzunguko wa fundi, tenga likiwa kivulini kwenye ukuta. Nikakumbuka njia ya kurudi, tenga likiwa tupu nyuma pamoja na maboga. Injini haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa imezibwa pua.

Nilinyanyuka nimwite mama, baba akanishika mkono.

"Nyamaza," akasema.

Nikamtazama. Mzee wa watu alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

"Baba, ulikuwa unajua?"

"Tangu alizeti zilipovunwa."

Hasira ilinipanda haraka kuliko ule mshale. Nilimwambia watoto wake wanataka gari liuzwe, ujumbe nilioubeba siku zote hizo ukanitoka barabarani kama maji ya kumwagwa. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia kwamba alipogundua, aliwahamishia kuku nyuma bila kueleza sababu. Wawili walikufa kwa joto chini ya turubai. Mama hakulia, hakugomba. Alisema tu kwamba hatakwenda kwa dada yake kumpelekea mizoga, akashuka garini. Wiki hiyo hakwenda, na iliyofuata hakwenda.

"Gari likichemsha, tunafika tumechelewa," baba akasema. "Mama yenu akijua kuku wake ndio wanaotukwamisha, hataenda tena. Atasema anatutesa. Unamjua."

Ninamjua. Nilimwona pale alipo, na shati lake lenye madoa ya kutu, akichekwa na fundi, akisemwa na wanawe kwenye simu kwamba ameng'ang'ania chuma chakavu, na yote hayo ameyabeba ili mke wake asijilaumu.

"Na juu ya kebini je?" nikamuuliza.

Akatazama juu ya kebini.

"Pale," akasema, "sikupafikiria."

Mama aliporudi na maji nilimwambia malori ya barabara hii yanarusha mawe, na jiwe moja likigonga tenga tumekosa kuku. Akanikagua usoni. Akauliza tangu lini nimekuwa na huruma na kuku. Nikasema ni utu uzima. Baba alikuwa amekwisha panda na kamba, anafunga tenga juu ya kebini kwa haraka ya mtu anayeogopa kuitwa, na kiroba akakigeuza kikawa kivuli cha kuku.

Hatukusimama tena. Mjini tulimpita fundi, baba akampungia tu. Tulifika Mtinko jua bado liko juu, na mama mkubwa alikuwa ukumbini, amevua kitambaa cha kichwani kwa sababu hakutarajia wageni saa hizo. Ndipo nikaona nywele zake. Nusu ya kichwa ilikuwa na mistari mizuri ya zamani kidogo, imeanza kulegea. Nusu nyingine ilikuwa wazi, haikuguswa. Nikamwamkia, kisha nikamuuliza nani aliyemsuka akamwacha hivyo.

"Mama yako," akasema. "Huwa muda unatuishia. Watu wa hapa nyumbani wanataka kunimalizia, nakataa. Mimi mkono ninaoujua ni wake."

Mama aliketi kwenye kigoda, akanyoosha lile goti, akamvuta dada yake akae chini kati ya miguu yake, akaanza kufumua upande uliolegea ili asuke upya kichwa chote. Baba alikaa nje siku ile bila kukohoa, na sisi tulikaa mpaka mama alipofunga msuko wa mwisho.